Moto sebuleni: chagueni jiko la peleti kwa akili, si kwa macho

Nyumba ina meko ya kizamani, baridi inabisha hodi na bili ya mafuta imeshawatoa jasho. Kabla hamjatoa kadi ya benki dukani, kaeni chini wawili msome hapa.

Tuseme ukweli, jamani. Kwa sisi tuliokulia Bongo, moto wa sebuleni ni kitu cha kwenye filamu. Wapenzi wawili kwenye zulia, blanketi moja, vikombe vya kakao, na moto unawaka taratibu ukutani. Halafu maisha yanakupeleka Maine, kona ya kaskazini mashariki kabisa ya Marekani, mnanunua nyumba ya zamani, na kumbe ndani mna meko ya matofali ileile ya kwenye filamu! Mnawasha kuni kwa mbwembwe. Baada ya saa moja uso unaungua, mgongo unaganda.

Sababu yake ni rahisi. Meko ya wazi hula hewa. Moto unavuta hewa ya sebuleni, ile ile mliyoipasha joto kwa fedha zenu, unaipandisha juu pamoja na moshi, na hewa ya barafu inaingia kupitia nyufa za milango na madirisha kujaza nafasi. Mnabaki na moto mzuri wa kutazama na nyumba baridi.

Hapa Lewiston na jirani zetu wa Portland, Kiswahili utakisikia sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya hospitali, hasa cha ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Vijana wengi sasa wameanza kununua nyumba, na nyumba nyingi za huku ni za zamani. Swali linalonifikia kila vuli ni lile lile: dada, lile jiko la peleti mlilopachika kwenye meko, mlilichaguaje?

Jibu langu ni moja, na ndilo nitakalolieleza hapa. Msichague jiko kwa sura wala kwa bei iliyobandikwa. Chagueni kwa nyumba mliyonayo na kwa maisha mnayoishi wawili. Jiko hili ni kama kumkaribisha mtu wa kuishi nanyi: atataka kula kila siku, atataka kusafishwa, na mkimkosea atawaacha na baridi usiku wa manane.

NI KITU GANI HASA?

Peleti ni maranda na vumbi la mbao vilivyoshindiliwa kwa nguvu mpaka vikawa vijiti vidogo, unene wake milimita 6 hivi. Ukiziona utadhani chakula cha sungura. Huuzwa kwa mifuko ya ratili 40, yaani kilo 18, na mifuko 50 ndiyo tani moja ya Kimarekani.

Jiko lenyewe lina sanduku la kumwagia peleti. Chini ya sanduku kuna skrubu kubwa inayozunguka, kama ile ya mashine ya kusagia nyama, na kazi yake ni kusukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha kuchomea. Feni moja inapuliza hewa ya moto na kutoa moshi nje, feni nyingine inasambaza joto chumbani. Mnaweka joto mnalotaka kwenye themostati, na jiko linajiongeza na kujipunguza lenyewe.

Yako majiko yanayosimama yenyewe kwa miguu, na yako yaliyotengenezwa kuingia ndani ya meko ya zamani. Hayo ya kupachika ndiyo ninayoyazungumzia. Faida yake ni kwamba hayali nafasi ya sebule, na yanatumia njia ya dohani iliyopo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria ufanisi wa majiko ya peleti kuwa kati ya asilimia 70 na 83. Kwa mtu aliyezoea meko ya wazi, hiyo ni dunia nyingine.

PIMENI NYUMBA KABLA YA JIKO

Sisi tulianza kutafuta vuli ya 2024. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, tarehe ikiangukia Januari, na mama yangu alikuwa anakuja kutoka Njombe mwezi wa kumi na moja kunisaidia. Msimu uliotangulia tangi letu la mafuta la galoni 275 tulilijaza mara mbili na nusu, na bado sebule ilikuwa ya kukaa na koti. Akiba yetu yote ilikuwa imeishia kwenye malipo ya awali ya nyumba. Kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kubahatisha.

Tulichukua futi kabla ya kwenda dukani. Pimeni upana wa meko kwa mbele, upana wake kwa nyuma (mara nyingi nyuma ni pembamba zaidi), kimo na kina. Pigeni picha. Pimeni pia nafasi ya sakafu ya mawe au vigae iliyo mbele ya meko, maana kila jiko lina masharti yake ya umbali kutoka kwenye mbao na zulia. Vipimo hivyo vilitufutia nusu ya majiko tuliyokuwa tukiyatamani kwenye simu. Mume wangu alihuzunika kidogo. Alikuwa ameshapenda moja lenye kioo kipana kama televisheni.

Baada ya hapo, nguvu ya joto. Hupimwa kwa BTU kwa saa. Idara hiyo hiyo ya Nishati inatoa mfano kwamba jiko la BTU 42,000 linaweza kupasha nafasi ya futi za mraba 1,300, yaani mita za mraba 120 hivi, na la 60,000 nyumba ya futi 2,000. Msidanganyike kwamba kubwa ndiyo bora. Jiko lililozidi nyumba litakuwa linawaka kwa kiwango cha chini muda wote, kioo kinajaa masizi na kazi ya kusafisha inaongezeka.

Na kumbukeni: jiko hili linapasha hewa ya pale lilipo. Kama nyumba yenu imegawanywa vyumba vyumba, chumba cha kulala cha juu hakitapata kama sebule. Msiizime kabisa mashine yenu ya mafuta, kwa sababu ndiyo inayozuia mabomba ya maji kule chini yasigande na kupasuka. Sisi tuliiacha kwenye kiwango cha chini, jiko likabeba mzigo mkubwa.

BOMBA HADI JUU: HAPA MSIBANE MATUMIZI

Hapa ndipo mimi na mwenzangu tulipovutana kweli kweli.

Duka la kwanza lilitutajia dola 5,400, jiko, bomba na kufunga. La pili 6,100. La tatu likasema 4,300, na mume wangu akaninong'oneza, “Hapa ndipo penyewe.” Nikamwomba muuzaji anifafanulie karatasi mstari kwa mstari. Kumbe tofauti ya dola 1,100 ilikuwa bomba. Wao walitaka kuweka kipande kifupi kinachoishia mwanzo wa dohani, moshi ujitafutie njia kwenye matofali ya zamani.

Dohani ya matofali ilijengwa kwa moto mkubwa wa kuni. Moshi wa peleti hauna joto kali kama ule. Ukiingia kwenye uwazi mpana na baridi unapoa, unapunguza mwendo, majivu yanatuama na unyevu unalowesha matofali. Bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida la inchi 3 au 4 kutegemea urefu, linalopanda mpaka juu kabisa na kufungwa kofia, ndilo linalouondoa moshi vizuri. Na mlango wa moshi ukiwa na hitilafu, kinachorudi ndani ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Mume wangu alisema tutatumia hiyo 1,100 kununulia kitanda cha mtoto. Nikamjibu kitanda cha mtoto kitakaa futi ishirini kutoka kwenye hilo bomba. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu tulimpigia mama kwa WhatsApp, si kwa ajili ya kesi, ila kumsalimia tu, mume wangu mwenyewe akamwaga habari. Mama ni mtu wa Njombe. Kule baridi ya mwezi wa saba inawafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, wafunge madirisha, na asubuhi wasiamke. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Baba, mimi nimeshazika watu wa jiko la mkaa. Moshi mtafutieni njia yake kwanza, kitanda mtoto atalala hata na mimi.”

Kesi ikaisha. Tulichukua ya dola 5,400.

Kabla ya kufunga chochote, mwiteni fundi wa dohani aikague, tena kwa kamera ndani. Mnapobadilisha aina ya jiko, ukaguzi wa namna hiyo ndio unaotakiwa. Ombeni kibali cha ujenzi cha mji wenu, na waarifuni watu wa bima ya nyumba kwa maandishi. Wekeni kengele za kaboni monoksidi kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala, na muwe mnazijaribu.

NANI ATABEBA MFUKO?

Swali hili muuzaji hatawauliza, lakini ndilo linaloamua kama mtalipenda jiko mwezi wa pili.

Fanyeni hesabu. Mkichoma mfuko mmoja kwa siku kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, ni siku 151, mifuko 151, tani tatu za peleti. Kila mfuko kilo 18. Ni zaidi ya kilo 2,700 zitakazopandishwa ngazi kutoka chini ya nyumba hadi sebuleni, na mikono ya mtu. Huyo mtu ni nani? Mama mjamzito si wa kubeba. Mama mkwe mwenye magoti yake si wa kubeba. Mume anayefanya kazi zamu ya usiku ghala la Portland, akirudi saa mbili asubuhi hoi, je?

Sisi tulikubaliana hivi. Yeye anapandisha mifuko miwili kila Jumamosi na Jumatano, zaidi ya ule wa kila siku, na kuimimina kwenye mapipa mawili ya plastiki yenye mfuniko pale pembeni. Mimi nachota kwa kopo, kidogo kidogo. Yeye anakwangua kikombe cha kuchomea kila asubuhi jiko likiwa limezimwa na kupoa, mimi nafuta kioo. Majivu yanaingia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kuwekwa nje, mbali na nyumba, hata kama yanaonekana yamekufa. Mara moja kwa mwaka anakuja fundi kusafisha bomba na feni.

Kwa hiyo mkiwa dukani angalieni mambo ambayo picha haionyeshi. Sanduku linabeba ratili ngapi? Kama ni chini ya mfuko mmoja, mtakuwa mnabakiza mfuko uliofunguliwa kila mara. Jiko linateleza nje kwa reli ili lisafishwe nyuma, au ni la kufungua bolti? Kikombe kinajikwangua chenyewe? Na ombeni waliwashe mlisikie. Hili si moto wa kimya wa kwenye filamu; feni zinavuma na peleti zinadondoka tik, tik, tik. Kuna watu inawabembeleza, kuna watu inawakosesha usingizi. Bora mjue mapema nani ni nani kati yenu.

UMEME UKIKATIKA?

Mume wangu alipomwonyesha mama picha ya jiko tulilochagua, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Tulicheka, tukidhani mgao wa umeme tuliuacha kwetu. Lakini mama hakukosea. Tarehe 18 Desemba 2023 dhoruba ilipita Maine na kuacha wateja zaidi ya 400,000 gizani, wengine kwa siku kadhaa. Wenyeji wa umri mkubwa bado wanahadithia barafu ya Januari 1998.

Jiko la peleti bila umeme halifanyi kazi. Skrubu inasimama, feni zinasimama, na moshi kidogo unaweza kurudi ndani. Kwa matumizi ya kawaida linakula kama uniti 100 za umeme kwa mwezi, si nyingi, lakini lazima ziwepo. Na msiseme “tutawasha mashine ya mafuta”, kwa kuwa nayo inategemea umeme huo huo.

Ulizeni kama jiko linakubali betri ya akiba, na betri hiyo italiendesha kwa saa ngapi. Wengine wananunua jenereta ndogo. Sawa, ila jenereta inakaa nje, mbali na madirisha na milango, kamwe si gereji wala barazani. Sisi tulichukua jiko linalokubali betri, na tuna mpango wa pili: jirani mwenye jiko la kuni ametuambia mlango wake uko wazi. Huku ugenini, jirani ni sehemu ya vifaa vya kupashia joto.

HESABU YA MFUKONI

Maine inategemea mafuta ya kupashia joto kuliko jimbo lolote la Marekani, kwa hiyo kila familia ina hofu ile ile bei inapopanda. Kuna kanuni rahisi ya kulinganisha: tani moja ya peleti ina joto linalokaribia lile la galoni 120 za mafuta. Chukua bei ya tani, gawanya kwa 120. Tani ikiuzwa dola 360, ni kama unanunua mafuta kwa dola 3 galoni. Mafuta yakiwa juu ya hapo, peleti zinawaokoa. Yakiwa chini, hazina unafuu msimu huo. Hesabu hii ifanyeni kwa bei za mji wenu, wiki ile mnayonunua.

Jingine la kuangalia ni kodi. Nafuu ya serikali kuu ya asilimia 30, hadi dola 2,000, kwa majiko yenye ufanisi wa angalau asilimia 75, sisi tuliipata. Ilitupunguzia dola 1,620. Lakini ilikoma kwa vifaa vilivyofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Muuzaji akiitumia kuwavuta leo, mpeni tabasamu na muondoke. Ulizeni badala yake kama jimbo au mji wenu una msaada wowote.

Wenye kutafuta jiko la mtumba, tahadhari. Kiwango cha Shirika la Mazingira, EPA, kilichoanza 15 Mei 2020 kiliweka kikomo cha gramu 2.0 za chembe za moshi kwa saa kwa majiko mapya. Geuza jiko, soma kibandiko cha chuma nyuma yake. Kama hakisomeki au hakipo, hata bure ni ghali, kwa sababu fundi na watu wa bima watalikataa.

NA PELETI ZENYEWE

Soma mfuko. Nembo ya Taasisi ya Peleti, PFI, daraja la Premium, maana yake majivu hayazidi asilimia 1 na unyevu hauzidi asilimia 8. Peleti zenye majivu mengi hutengeneza mabonge magumu kwenye kikombe na jiko linazimika lenyewe. Zihifadhini pakavu, juu ya mbao, si juu ya sakafu. Zikilowa zinavimba na kurudi kuwa vumbi, na vumbi hilo likikwama kwenye skrubu ni kazi ya siku nzima.

Mama alipofika na kuona zile tani tatu zimepangwa chini ya nyumba, alifungua mfuko, akachota kiganja, akanusa. “Maranda haya? Haya haya yanayochomwa ovyo kule viwanda vya mbao Mufindi?” Tukamwambia bei. Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Andikeni kwenye karatasi, kila mmoja na kalamu yake:
1. Jiko linaingia kwenye vipimo vyetu, pamoja na umbali wa usalama?
2. Bomba linafika juu kabisa? Lionekane kwenye karatasi ya bei.
3. Anayefunga ana leseni ya kazi hiyo, na nani atashughulikia kibali?
4. Sanduku linabeba ratili ngapi?
5. Linasafishwaje nyuma, na kwa muda gani?
6. Linakubali betri ya umeme ukikatika?
7. Vipuri na fundi viko umbali gani, na Januari mtakuja baada ya siku ngapi?

La saba ni kubwa. Jiko zuri ambalo fundi wake yuko saa tatu kwa gari ni pambo tu.

Mtoto wetu alizaliwa wiki ya theluji nyingi, nje nyuzi 15 chini ya sifuri. Usiku ule wa kwanza nyumbani bibi yake alimkanda mwili pale mbele ya jiko, kifua wazi, akiimba taratibu, na chumba kilikuwa na joto la Dar. Sikufikiria kioo kipana wala mbwembwe za filamu. Nilifikiria bomba.

Basi wapendwa, vuli ikianza msiende dukani mmoja mmoja. Kwanza mkae mezani na futi, karatasi na bili za mwaka jana. Mkubaliane nani anabeba, nani anasafisha, na umeme ukikatika mnakwenda kwa nani. Mkishapata majibu, jiko litakalowafaa halitakuwa gumu kulijua.